Herbert Garratt: Mzae Aliyebuni Treni Ndefu za Nairobi, Akadedi Bila Kuziona

Kama wewe hushuka mathree pale Railways, kuna mnyama wa chuma hapo karibu na pengine hujawahi kumcheki. Ingia Railway Museum, upande wa stesheni, utampata amepaki. Namba 5918, jina Mount Gelai, kutoka ule mlima wa Tanzania karibu na Ziwa Natron. Urefu ni kama mita 32, uzito tani 252. Na hiyo si treni nzima wasee, hiyo ni kichwa tu!

Jamaa mwenye alitoa hilo wazo anaitwa Herbert William Garratt. Wacha nikupe story yake.

Garratt alizaliwa London mwaka wa 1864. Akiwa boy wa kama miaka 15, aliingia karakana ya North London Railway kule Bow kufunzwa kazi ya mikono. Alijua chuma kwa kukishika. Baadaye akaanza kuhangaika dunia nzima akitafuta job za reli: Argentina, Cuba, Lagos, Peru, hadi Australia. Kwa miaka mingi alikuwa mse wa kurekebisha injini zilizochorwa na watu wengine.

Huko kote aliona shida moja. Reli za milimani zilikuwa nyembamba, zenye kona kali na vyuma vyepesi. Ukitaka kuvuta mzigo mzito unahitaji kichwa kikubwa, lakini kichwa kikubwa hakipindi kona, na kinaweza kuvunja reli.

Garratt hakuwa wa kwanza kukuna kichwa juu ya hii maneno. Ufaransa kulikuwa na mzae anaitwa Anatole Mallet, mzaliwa wa Uswisi. Mwaka wa 1884 alisajili mtindo wake: injini mbili chini ya boila moja, ya nyuma imeshikana, ya mbele inacheza kwa kona. Mvuke ulifanya kazi mara mbili, kwanza kwa silinda za nyuma, halafu kwa zile za mbele. Ujanja safi, na hata reli yetu ilinunua vichwa vya Mallet kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Shida ni kwamba boila bado ilikaa juu ya magurudumu, kwa hivyo haingeweza kunenepa vile unataka.

Garratt akarudi Uingereza 1906, akapewa kazi ya kukagua vyuma vya reli ya New South Wales. Inasemekana wazo lilimjia akiangalia mizinga mikubwa iliyobebwa juu ya magari ya reli. Akajiuliza, mbona nisiweke boila hivyo? Akaining'iniza katikati kama daraja, injini moja mbele, nyingine nyuma. Maji yakakaa juu ya ile ya mbele, makaa nyuma. Chini ya boila hakuna gurudumu, so unainenepesha vile unataka. Uzito unagawanywa kwa magurudumu mengi, na kitu yote inapinda kona kama nyoka.

Alipeleka wazo kwa kampuni ya Kitson, wakamkatalia. Hakufa moyo. Akabisha kwa Beyer Peacock, Manchester, hao wakamskiza. 1907 akasajili wazo, na 1909 vichwa viwili vya kwanza vikatoka, vikapelekwa Tasmania. Vilikuwa vidogo, kama tani 33 kila kimoja. Lakini vilifanya kazi.

Halafu ngori ikaingia. Septemba 1913, Garratt akadedi. Alikuwa na miaka 49 tu. Miaka minne baada ya wazo lake kugusa reli, game over.

Vichwa vya kwanza vya Garratt vilifika Kenya 1926. Reli yetu ilikuwa vile tu alivyoiwaza: upana wa mita moja, kupanda kutoka bahari ya Mombasa hadi Nairobi, mita zaidi ya 1,600 juu. Mwaka wa 1955 na 1956 Beyer Peacock wakatuletea 34 za aina ya 59, kila moja ikiwa na jina la mlima wa East Africa. Hizo ndizo zilikuwa vichwa vikubwa zaidi vya mvuke kwa reli ya upana huo, dunia nzima. Hazikuchoma makaa, zilichoma mafuta, na zilivuta mzigo wa tani 1,200 kutoka Mombasa. Hadi dizeli ilipozifukuza.

Mimi niliacha college, so story za watu waliofunzwa na kazi hunigusa ile mbaya. Garratt alikaa zaidi ya miaka 25 akitengeneza za wenyewe kabla ya kupata yake, na hakukaa kuiona ikikua mara saba.

Siku ukiwa tao na huna form, pitia pale museum. Simama katikati ya Mount Gelai, inama, chungulia chini ya boila. Hakuna gurudumu hapo. Hiyo nafasi tupu ndiyo wazo lenyewe la Garratt.