Bwana Bodelschwingh, Msimamizi wa Shamba

Jina la Bwana Friedrich von Bodelschwingh twalijua kwa ajili ya Betheli, ambayo misioni yake iliingia Bukoba mwaka wa 1910, mwaka ule ule aliofariki. Ila si wengi wakumbukao ya kuwa kabla ya uchungaji alikuwa mtu wa shamba.

Alizaliwa mwaka wa 1831. Katika ujana wake alisimamia shamba kubwa huko Gramenz, nchi ya Pomerania. Aliwahurumia watoto wa vibarua, akawagawia vijitabu. Siku moja akakisoma mwenyewe kimoja, habari za mtoto maskini wa China, na moyo wake ukachomwa. Mwaka wa 1854 akaenda Basel kujifunza uchungaji. Basi aliyetaka kuwafundisha watoto alifundishwa na kijitabu chao!

Mwaka wa 1869 watoto wake wanne walifariki katika muda wa siku chache. Tangu 1872 aliwatunza wenye kifafa huko Betheli, naye aliwapa kazi kwa kadiri ya nguvu zao.

Kwetu Ngara na Biharamulo kijana hufunzwa na baba yake nyuma ya ng'ombe. Lakini Udachi wakati ule wengi walitangatanga njiani bila kazi wala mlezi. Kwa ajili yao alianzisha Wilhelmsdorf mwaka wa 1882, akawapa kitanda, chakula na jembe, wailime nchi ya Senne, iliyo mchanga mtupu.