Mama Alice Harris na Foto ya Baringa



Kila mwaka tunapotayarisha karatasi za egzameni ya Leta, mupiga foto anakuja hapa kwenye masomo. Tunamuzunguka, tunatazama kazi yake, na wengine wetu wanacheka. Anatundika kitambaa cheupe kwenye ukuta, anaweka kiti, anamugeuza mutu kidogo kuume, kidogo kushoto. Jua likiwa kali, anangojea wingu. Kukiwa giza, anawasha flashi. Kisha anasema usitikisike, na kufumba na kufumbua, imekwisha. Foto zikitoka, nyuma ya kila moja anaandika jina na kilasi, kusudi foto ya mumoja isiende kwenye karatasi ya mwingine.

Katika habari za watu waliojulikana tunazoandika katika gazeti letu, mara hii nimemuchagua mutu aliyefanya kazi kwa vitu hivi hivi tunavyovicheka: mwangaza wa jua, kitambaa cheupe, jina na tarehe. Hakupiga foto kwa kutafuta makuta. Lakini foto zake zilisaidia kuangusha utawala wa mufalme mumoja wa Ulaya aliyejifanya mwenyeji wa inchi yetu nzima. Jina lake ni Alice Seeley Harris.

Kuitwa kwake

Alice Seeley alizaliwa tarehe 24 mwezi wa 5, 1870, katika muji mudogo wa Malmesbury, Uingereza. Alipokuwa kijana alipata kazi ya ofisi katika serikali, huko London. Saa za kazi zikiisha, alisaidia maskini pamoja na watu wa kanisa lake. Lakini moyo wake ulikuwa mbali. Aliomba atumwe katika misioni.

Tarehe 6 mwezi wa 5, 1898, aliolewa na John Harris. Hawakukaa kula arusi. Siku 4 tu nyuma yake walipanda meli kuja Kongo, watumishi wa Congo Balolo Mission, misioni ya Kiprotestanti iliyofanya kazi kando ya mito ya Équateur. Kwanza walikaa Ikau, kisha wakaenda Baringa, kwenye muto Maringa, katika jimbo ambalo leo linaitwa Tshuapa. Kutoka hapa kwetu Miti ni mbali sana: ni pori kubwa la katikati ya inchi, pahali ambapo muto njo barabara. Pale Mama Alice alifundisha watoto, na katika mizigo yake alikuwa na chombo cha kupigia foto.

Inchi aliyoikuta

Tangu 1885 Kongo haikuwa koloni ya Ubelgiji. Ilikuwa mali ya Mufalme Leopold wa Pili, yeye mwenyewe. Hakufika hapa hata siku moja. Ulaya alikuwa anasema kwamba anatuletea maendeleo na kuondoa utumwa. Kumbe mali ilikuwa mupira. Katika pori la Équateur mupira ulitoka katika kamba za pori zinazopanda juu ya miti, na eneo la Baringa lilipewa sosiete moja iliyoitwa ABIR. Kila kijiji kilipangiwa kipimo chake cha mupira. Wanaume waliingia porini siku nyingi kuutafuta. Kama kipimo hakikutimia, wanawake walifungwa, watu walipigwa fimbo ya ngozi ya kiboko, au askari wa sosiete walitumwa na bunduki. Askari alipashwa kuonyesha kwamba hakupoteza risasi bure, na katika sehemu nyingi alama yake ilikuwa mukono uliokatwa.

Wamisionari waliandika barua juu ya mambo hayo. Lakini barua ni maneno, na watu wa mufalme nao walikuwa na maneno. Kulikuwa kijana mumoja, Epondo, aliyepoteza mukono. Mu 1903 habari yake ilifika kwa konsuli wa Waingereza, Roger Casement. Watetezi wa mufalme walijibu kwamba mukono ule uliumwa na nguruwe wa pori. Basi, ni nani atakayeamuliwa kuwa na haki, mutu akiwa London au Bruseli?

Tarehe 14 mwezi wa 5, 1904

Siku ile mwanaume mumoja alifika misioni Baringa. Jina lake Nsala, wa kijiji cha Wala. Alikuwa amebeba kifurushi cha majani. Alipokifungua, ndani mulikuwa mukono mudogo na muguu mudogo. Ni vyote vilivyobaki vya binti yake Boali, mutoto wa karibu miaka 5. Askari wa ABIR walikuwa wamekishambulia kijiji juu ya mupira usiotimia, wakamuua mutoto pamoja na mama yake, Bonginganoa.

Mama Alice alileta chombo chake.

Karatasi yetu hii ya stensili haipokei foto, kwa hiyo nitaieleza kwa maneno. Nsala ameketi pembeni ya baraza. Tunamuona kwa upande. Hatuangalii sisi. Anaangalia chini, mbele yake, pahali vile vitu viwili vidogo vimewekwa. Hakuna damu, hakuna bunduki, hakuna askari. Mutu anayeona ile foto mara ya kwanza anaweza kuzania kwamba ni baba aliyeketi kupumzika, paka macho yake yafuate macho ya Nsala.

Sasa tuangalie nyuma ya foto, kwenye kazi yenyewe. Wakati ule wapiga foto wengi walitumia vioo vilivyopakwa dawa. Kioo kimoja, foto moja. Ukikosea, umekosa. Kioo kilipashwa kusafishwa gizani, kwa taa nyekundu, na katika pori lenye joto na maji kama lile, dawa iliharibika upesi. Kwa hiyo mutu hakupiga kumi kusudi achague moja, kama tunavyofanya na simu.

Halafu mwangaza. Mupiga foto yeyote wa Bukavu atakuambia kwamba jua la saa sita ni adui: linatia kivuli cheusi chini ya macho, na uso unapotea. Baraza inasaidia. Mapaa yanazuia jua la juu, na mwangaza unaingia polepole kwa upande. Katika foto ya Nsala ni mwangaza wa namna hiyo unaotuonyesha uso wake.

Tena kitambaa cheupe. Katika foto nyingi ambazo Mama Alice na wamisionari wenzake waliwapiga watu waliokatwa mikono, mutu amefungwa kitambaa cheupe mwilini, na mukono uliokatwa umewekwa mbele yake. Si mapambo. Juu ya cheupe, kile kisicho pale kinaonekana waziwazi, na hakuna atakayesema ni kivuli tu.

Na jambo la mwisho: jina. Nsala, wa Wala, binti yake Boali, siku fulani. Kama angepiga ule mukono peke yake, ungekuwa mukono usio na mwenyewe, na ile hadisi ya nguruwe ingerudi. Lakini baba ameketi pale. Jina la baba lina kijiji, kijiji kina sosiete inayokitawala, na sosiete ina bwana wake Ulaya.

Vijiti vya Lontulu

Wandugu, tusizanie kwamba ushahidi wa Kongo ulitoka kwa wazungu peke yao. Juu ya kelele za foto na barua, mufalme alilazimishwa kutuma tume ya kuchunguza. Ilifika Baringa mwishoni mwa 1904. Chifu mumoja, Lontulu, alikuja mbele yake na vijiti 110. Aliviweka kimoja kimoja juu ya meza. Kila kijiti kilikuwa mutu wake mumoja aliyeuawa juu ya mupira. Vijiti vya watu wakubwa vilikuwa virefu, vya watoto vifupi, na kwa kila kimoja alisema jina.

Lontulu hakuwa na chombo cha foto. Lakini alifanya kazi ileile: hakuleta neno wengi tu, alileta hesabu yenye majina. Naye Nsala hakuitwa na mutu. Yeye mwenyewe njo aliyebeba kile kifurushi paka misioni. Bila miguu ya Nsala hakuna foto.

Taa katika giza la Ulaya

Katika 1904 Edmund Morel alianzisha chama cha kupigania mageuzi ya Kongo, na mwaka huohuo foto ya Nsala ilitoka katika kitabu chake. Mu 1905 mwandishi wa Marekani Mark Twain alitoa kitabu cha kumucheka Leopold. Ndani yake mufalme analalamika kwamba kile chombo cha foto ni shahidi mumoja tu ambaye hakuweza kumuhonga.

Harris na muke wake walirudi Uingereza wakaanza kutembea na taa ya kuonyeshea foto. Sinema ilikuwa bado changa. Foto ilitiwa juu ya kioo kidogo cha karibu sentimita 8 kila upande. Nyuma yake kulikuwa na taa kali. Katika taa za nguvu za wakati ule, moto wa gazi ulichoma kipande cha chokaa paka chokaa ikawaka nyeupe kama jua. Lenzi ilipeleka ule mwangaza kwenye kitambaa kikubwa kilichotundikwa mbele ya watu. Tazameni: kitambaa cheupe tena! Taa za nyumba zikizimwa, Nsala alikuwa anatokea mukubwa kuliko mutu wa kweli, mbele ya mamia ya watu katika kanisa la Kiingereza.

Nyumba ya Riley Brothers ya Bradford ilitayarisha vioo 60 pamoja na maneno ya kusoma, kusudi hata wahubiri wengine waweze kufanya mikutano hiyo. Harris na muke wake, pamoja au kila mutu kwa upande wake, walisema mbele ya watu mara zaidi ya 600 katika miaka 2. Mwanzoni mwa 1906 walivuka bahari kwenda Marekani, wakafanya mikutano zaidi ya 200 katika miji 49.

Tarehe 15 mwezi wa 11, 1908, Leopold aliachilia Kongo kwa serikali ya Ubelgiji. Kusema ukweli, kazi ya lazima na fimbo havikuisha siku ile. Ukoloni uliendelea miaka 52 tena. Lakini utawala wa mutu mumoja asiyeulizwa na mutu uliisha. Mu 1911 na 1912 Harris na muke wake walirudi Kongo kuona nini kimebadilika, na Mama Alice alipiga foto tena.

Mwisho wake

John alikuwa mukubwa wa chama cha kupinga utumwa huko London. Mu 1933 alipewa cheo na mufalme wa Waingereza, na kwa hiyo muke wake akaitwa Lady Harris. John alikufa 1940. Mama Alice aliishi miaka 30 tena, akafa mwezi wa 11, 1970, akiwa na miaka 100. Foto zake zilikuwa zimezunguka dunia, lakini mara nyingi bila jina lake. Mu 2014 zilionyeshwa tena Liverpool na London, na wengi njo wakaanza kujua kwamba aliyesimama nyuma ya kile chombo alikuwa mwanamuke.

Si kwamba kila kitu katika kazi yao kilikuwa sawa. Watu wa Ulaya, katika ile mikutano, walimuona Mukongomani kama mutu wa kuhurumiwa tu, asiye na neno. Lontulu na vijiti vyake walisahauliwa upesi. Mwangaza unaonyesha pahali mwenye taa ameuelekeza, na kando yake panabaki giza.

Hii njo sababu nimeandika habari hii. Huku kwetu Kivu, tangu 1996, tumeona vita zaidi ya moja. Leo karibu kila mutu ana chombo cha foto mufukoni, chenye taa yake ndani. Foto za wafu zinapita kutoka simu paka simu, bila jina, bila kijiji, bila tarehe. Kesho ileile foto inasemwa ni ya Bunia, kesho kutwa ni ya inchi ingine. Mwenye kosa anacheka, kwa maana foto isiyo na jina inaweza kukataliwa, sawa vile mukono wa Epondo ulivyopewa nguruwe.

Mama Alice hakuwa na chombo kuzidi vyetu. Chake kilikuwa kibaya kuliko simu ya mwanafunzi wa ya kwanza. Lakini aliuliza jina la baba na jina la mutoto, akalinda tarehe. Basi mupiga foto akija tena na kitambaa chake na kuandika majina yetu nyuma ya foto, tusimucheke. Na wewe mwenye simu, mbele ya kutuma foto ya mateso ya mutu, uliza: huyu ni nani, wa wapi, siku gani, na jamaa yake wamekubali? Ukikosa jibu, usiitume. Ukilipata, liandike.