Bildad Kaggia: Karani wa Jeshi Aliyerudi na Maswali

Kila tarehe 12 Desemba tunapokusanyika hapa Hjulsta, watoto wetu hutaja majina yaleyale: Kenyatta, Kimathi, Odinga. Mwaka huu naomba tuongeze la Bildad Kaggia. Wengi waliozaliwa huku hawajawahi kulisikia, na hata sisi wazazi tunamkumbuka tu kama mmoja wa wale sita wa Kapenguria.

Alizaliwa mwaka 1921 Dagoretti, akakulia Murang'a, akasoma shule ya misheni ya Kahuhia. Alifaulu kwenda Alliance lakini karo ikakosekana. Basi akawa karani katika ofisi ya DC pale Fort Hall, kama Murang'a ilivyoitwa wakati huo. Vita Vikuu vya Pili vilipopamba moto akaingia jeshini, na huko pia akapewa kalamu.

Hapa watoto wasikilize vizuri. Tukisema babu zetu walipigana vita vya Mwingereza, tunamwona askari wa KAR na bunduki kule Burma. Kumbe jeshi haliendi bila ofisi. Nani yuko wapi, nani ameugua, nani hajalipwa, mzigo gani umefika bandarini: yote yaliandikwa, yakapigwa taipu, yakapelekwa makao makuu, na amri zikarudi kwa njia hiyohiyo. Maelfu ya watu wa Afrika Mashariki walipelekwa Mashariki ya Kati kubeba, kujenga na kulinda, na makarani kama Kaggia ndio walioshika karatasi zao. Sisi wauguzi tunaijua kazi hiyo. Usipoandika ripoti ya zamu, anayekupokea hana pa kuanzia.

Kaggia alipanda hadi sajini. Lakini jeshini mshahara ulifuata rangi ya ngozi, na karani hahitaji kusimuliwa jambo kama hilo, analiona kwenye karatasi mbele yake. Alipopata nafasi ya kuzuru Yerusalemu, mtoto huyu wa misheni akakuta kuwa mji mtakatifu si kama alivyofundishwa. Akaanza kuuliza maswali ambayo wamishonari hawakuwahi kumruhusu kuyauliza.

Baadaye akapelekwa Uingereza. Waafrika waliokuwa wametekwa na adui, wakiwemo waliokamatwa Tobruk mwaka 1942, walikuwa wametoka kambini na ilibidi wapangiwe safari ya kurudi nyumbani. Kaggia alikuwa miongoni mwa waliowashughulikia. Huko akakutana na Wazungu wa kawaida, watu wa kazi za mikono, waliomchukulia kama binadamu mwenzao. Kwetu sisi tunaobanana na kila mtu kwenye treni ya chini ya ardhi, hilo ni dogo. Kwa mtu aliyetoka Kenya ya ubaguzi, lilikuwa kubwa mno.

Mwaka 1946 alirudi. Akaliacha kanisa la wamishonari na kuanzisha dhehebu lake, kisha akaingia katika vyama vya wafanyakazi. Mwaka 1951 akawa katibu wa KAU tawi la Nairobi, akirudia kazi ileile ya barua na orodha za wanachama, safari hii kwa ajili ya watu wake. Usiku wa tarehe 20 Oktoba 1952 akakamatwa. Tarehe 8 Aprili 1953 yeye na wenzake wakahukumiwa miaka saba ya kazi ngumu, wakapelekwa Lokitaung, jangwani Turkana.

Uhuru ulipokuja alikuwa Mbunge wa Kandara na waziri msaidizi. Angeweza kutulia. Badala yake akashikilia kwamba ardhi ya walowezi wapewe wasio na ardhi, bila kuinunua. Mwaka 1964 akatoka serikalini kwa sababu hiyo. Mwaka uliofuata, mbele ya wananchi, Rais Kenyatta alimuuliza amejifanyia nini, ilhali wenzake wa gerezani walikuwa na majumba na mabasi. Kwa maoni yangu, swali lile lilimpa heshima Kaggia kuliko lilivyomwaibisha.

Mwaka 1966 akajiunga na KPU ya Odinga, akapoteza kiti chake. Alifariki tarehe 7 Machi 2005, bila mashamba makubwa. Aliacha kitabu alichokitoa mwaka 1975, Roots of Freedom, na habari zake za vita zimo humo.