Imani ya Daktari Atiman

Tangu siku za Mtume Toma wapo watu wasiotaka kusadiki mpaka waone. Hata leo zipo jamaa za Kikristu ambazo, mgonjwa akilala nyumbani, hukimbilia mahali penye sifa ya maajabu. Na maajabu yasipotokea, sala huachwa. Kwa ajili yao twapenda kukumbusha maisha ya Adrian Atiman, daktari na katekista wa Karema.

Alizaliwa yapata mwaka 1866 karibu na Timbuktu, katika nchi iitwayo leo Mali. Angali mtoto alitekwa, akavushwa Jangwa la Sahara, akauzwa. Mapadre Weupe walimkomboa huko Aljeria, wakamlea, naye akabatizwa. Kisha Kardinali Lavigerie akampeleka Malta pamoja na vijana wengine waliotoka utumwani, wajifunze udaktari, wapate kuhudumia miili na kufundisha dini katika Afrika.

Mwaka 1888 alianza safari ya kuja kwetu. Kutoka pwani alishika njia ya misafara ipitayo Tabora, njia ambayo kwa miaka mingi watumwa waliteremshwa nayo kwenda pwani pamoja na pembe za ndovu. Tulifikiri jambo hilo: mtu aliyepata kuuzwa mwenyewe aliikanyaga njia ya watumwa kwa hiari yake, akielekea bara asikokujua. Hakuonyeshwa ishara yoyote mbinguni. Alikuwa na elimu yake, na utii wake, na tumaini kwa Mungu, akaona vyatosha.

Mwaka 1889 alifika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, akapafanya kuwa kwao. Alimwoa Agnes Wansahira, na mwana wao Yosefu alipata upadre mwaka 1923. Kwa muda wa miaka 67 Atiman aliosha vidonda, alipasua, aligawa dawa, alifundisha katekisimu, na waliokuwa katika hatari ya kufa aliwatayarisha kwa Ubatizo. Kama ilivyo kwa kila daktari, si wote waliopona. Lakini hakuipima imani yake kwa hesabu ya waliopona na waliozikwa. Kesho yake alirudi kwa wagonjwa, akaendelea hata uzeeni. Alifariki mwaka 1956.

Kanisa halikatai miujiza. Huichunguza kwa makini, na hata ile ya Lourdes halimlazimishi Mkristu kuisadiki. Msingi wa imani yetu ni Mungu mwenyewe, aliyejifunua katika Kristu, wala si mambo ya kushangaza. Imani idaiyo ishara kila siku yafanana na mdai mbele ya mdeni wake. Imani ya kweli ni ya mwana mbele ya baba.

Basi, enyi wazazi, mtoto akiugua, mpelekeni hospitali bila kukawia, nanyi mpige magoti kumwombea. Akipona, shukuruni. Na ikiwa Mungu amependa vingine, lieni, maana kulia si dhambi. Lakini sala ya jioni nyumbani mwenu isikome.