Karen Blixen Alikufa Akiwa Mifupa

Karen Blixen alizaliwa Denmark mwaka wa 1885. Mwaka wa 1914 alikuja Kenya, akalima kahawa chini ya milima yetu ya Ngong. Shamba lilimshinda, akarudi kwao 1931, akawa mwandishi mashuhuri.

Mwaka wa 1962 alikufa kwa utapiamlo, na chakula kilikuwepo! Wengine husema ni maradhi ya tumbo, maana alipasuliwa 1955. Wengine husema alijinyima.

Ugonjwa wa kujinyima chakula upo kweli. Mtu amekonda kabisa, lakini akijitazama kwenye kioo anajiona mnene. Wenzangu, ukiona rafiki anaruka lanchi kila siku, usimcheke. Mwambie mwalimu mapema.