Frank Whittle na Hataza ya Pauni Tano

Kule Chebunyo, upande wa Chepalungu, mbali kidogo na mashamba makubwa ya majani chai ya Kericho, sisi watoto tulikuwa tukiwasahau ng'ombe tuliopewa kuchunga ili kutazama mstari mweupe uliochorwa angani na ndege tusiyoisikia. Tulibishana kama ule ulikuwa moshi. Haukuwa moshi, bali mvuke wa maji utokao injinini na kuganda kwa baridi kali ya huko juu. Jina la mtu aliyeibuni injini ya aina hiyo sikulijua hadi nilipoingia chuo kikuu, na hata huko nilikutana nalo kwa bahati tu, nikisaka istilahi za teknolojia kwa ajili ya kazi ya semina. Huenda msomaji akauliza mwanafunzi wa fasihi ana shughuli gani na mtengenezaji wa injini. Ajuaye tanzia ataona mwenyewe.

Frank Whittle alizaliwa tarehe 1 Juni 1907 mjini Coventry, Uingereza. Baba yake, Moses, alikuwa fundi aliyekuja kumiliki karakana ndogo huko Leamington Spa, na humo ndimo mwanawe alimojifunza kushika vyuma. Mwaka 1923 alitaka kujiunga na Jeshi la Anga akiwa kijana mwanagenzi. Alifaulu mtihani, akakataliwa na madaktari: kimo chake kilikuwa futi 5 tu. Akafanya mazoezi kwa miezi kadhaa, akarefuka, akarudi, akakataliwa tena. Hapo akajaza fomu upya kana kwamba hajawahi kufika, na safari hiyo akapokelewa.

Kwa bidii yake alichaguliwa kusomea urubani na uafisa katika chuo cha Cranwell. Tasnifu aliyoiandika huko mwaka 1928, akiwa na umri wa miaka 21, ndiyo chimbuko la yote. Ndege za siku hizo ziliendeshwa kwa injini ya pistoni iliyozungusha rafadha, yaani lile pangaboi la mbele. Kadiri ndege ilivyopanda ndivyo hewa ilivyopungua, injini ikadhoofika na rafadha ikakosa cha kusukuma. Whittle alihoji kwamba atakaye mwendo wa kasi na safari ndefu hana budi kuruka juu sana, na kwa hiyo hana budi kupata injini nyingine. Mwishoni mwa mwaka 1929 jawabu lilimjia: hewa ivutwe ndani, ishindiliwe, ichanganywe na mafuta na kuwashwa, gesi yake izungushe turbini inayoendesha kile kishindilizi cha mbele, kisha itoke nyuma kwa nguvu na kuisukuma ndege. Rafadha haihitajiki tena.

Aliipeleka fikra hiyo kwenye Wizara ya Anga. Mtaalamu wa wizara, A. A. Griffith, aliona kasoro katika hesabu zake, na wizara ikaamua kwamba jambo hilo halitekelezeki. Mnamo Januari 1930 Whittle aliomba hataza kwa jina lake. Serikali haikuona haja hata ya kuifanya siri, kwa hiyo ilichapishwa, ikawa wazi kwa kila mwenye macho. Januari 1935 ada ya kuihuisha ilipowadia, ilikuwa pauni 5. Whittle alikuwa na mke na watoto wawili wadogo, na mshahara wa afisa wa cheo cha chini. Wizara ilikataa kulipa, na hataza ikafa.

Marafiki wawili waliokuwa wanajeshi, Rolf Dudley-Williams na J. C. B. Tinling, walimsaidia kutafuta fedha, na mwaka 1936 kampuni ya Power Jets ikaundwa. Jeshi lilimruhusu mbunifu kuifanyia kampuni hiyo kazi kwa muda usiozidi saa 6 kwa wiki! Tarehe 12 Aprili 1937, mjini Rugby, injini ya kwanza iliwashwa. Iliunguruma, kisha ikaanza kuongeza kasi yenyewe. Whittle alifunga vali ya mafuta, lakini ilizidi tu kupaza sauti. Wenzake walitimua mbio. Yeye alibaki kwenye usukani wake, akiwa na hofu kama wao. Baadaye ilibainika kwamba mafuta yaliyotuama ndani ndiyo yaliyokuwa yakiilisha.

Wakati huohuo nchini Ujerumani, Hans von Ohain alikuwa akifanya kazi kama hiyo, naye hakukosa fedha. Ndege yenye injini yake iliruka tarehe 27 Agosti 1939. Ya Whittle, Gloster E.28/39, ilipaa Cranwell tarehe 15 Mei 1941, ikiongozwa na Gerry Sayer, ikakaa angani dakika 17. Mwaka huohuo Uingereza iliikabidhi Marekani siri ya injini hiyo.

Sehemu inayofuata ndiyo inayonitatiza zaidi kila niisomapo. Whittle aliyeamini ujamaa ndiye aliyependekeza serikali itaifishe sekta nzima ya injini za jeti. Mwaka 1944 serikali ilitaifisha Power Jets peke yake na kuziacha kampuni kubwa. Kisha kampuni yake ikazuiwa kubuni injini, ikabakizwa kwenye utafiti, naye akajiuzulu mwaka 1946. Afya yake ilikuwa imevunjika kwa kazi, kwa wasiwasi na kwa vidonge vya kumkesha. Mwaka 1948 alistaafu jeshini kwa cheo kilicho sawa na brigedia, akatunukiwa pauni 100,000 na heshima ya Sir.

Tarehe 2 Mei 1952 ndege ya Comet iliondoka London kuelekea Johannesburg, safari ya kwanza ya abiria ya kawaida kwa ndege ya jeti duniani. Njiani ilitua Entebbe. Injini zake nne, zilizobuniwa na Frank Halford, zilifuata mkondo uleule wa Whittle wa kushindilia hewa. Kwa hiyo Afrika Mashariki iliipokea jeti ya abiria kabla ya miji mingi mikubwa ya dunia, na mwaka 1960 Shirika la Ndege la Afrika Mashariki likaanza kutumia Comet zake lenyewe.

Whittle alihamia Marekani mwaka 1976. Huko yeye na von Ohain walikuwa marafiki, na mwaka 1991 walituzwa pamoja Tuzo ya Draper. Alifariki tarehe 9 Agosti 1996 huko Columbia, Maryland. Majivu yake yalirudishwa Uingereza kwa ndege, yakahifadhiwa katika kanisa la Cranwell.