Carroll Wright: Kanali aliyehesabu wasio na ajira mji kwa mji

MWAKA 1878 jimbo la Massachusetts nchini Marekani lilikuwa limeingia mwaka wa tano wa mdororo wa uchumi. Benki ya Jay Cooke ilifilisika Septemba 18, 1873, ikaziyumbisha kampuni za reli, na baada yake viwanda vya nguo na viatu vikaanza kupunguza watu. Katika mikutano ya hadhara na kwenye magazeti ilidaiwa kuwa wasio na kazi katika jimbo hilo peke yake walikuwa kati ya 200,000 na 300,000, na katika Marekani nzima walifika milioni tatu. Hakuna aliyeonyesha namna idadi hizo zilivyopatikana.

Aliyeamua kuzipima alikuwa Carroll Davidson Wright, mwanasheria wa miaka 37 aliyeongoza Ofisi ya Takwimu za Kazi ya jimbo hilo. Hakuwa na shahada ya hisabati wala uchumi, na hakuwahi kufanya kazi kiwandani. Hata hivyo, ndiye anayetajwa hadi leo kila inapozungumzwa historia ya kupima ukosefu wa ajira.

Wright alizaliwa Julai 25, 1840 katika kijiji cha Dunbarton, jimbo la New Hampshire, akiwa mtoto wa mchungaji wa kanisa. Alikuwa akisomea sheria wakati vita ya wenyewe kwa wenyewe ilipopamba moto, na mwaka 1862 akajiunga na kikosi cha 14 cha New Hampshire akiwa askari wa kawaida. Alipanda vyeo kwa kasi. Mwishoni mwa mwaka 1864 alikuwa kanali, akiwa amepigana chini ya Jenerali Sheridan katika bonde la Shenandoah. Cheo hicho kilimganda. Hata alipokuwa mkuu wa takwimu wa taifa, wengi waliendelea kumwita Kanali Wright.

Baada ya vita alihamia Massachusetts, akamwoa Caroline Harnden wa mji wa Reading mwaka 1867, akafungua ofisi mjini Boston ya kushughulikia hataza za wavumbuzi. Kazi hiyo ilimpa kipato kizuri, na majirani zake wa Reading wakamchagua kuingia katika seneti ya jimbo.

Ofisi aliyokabidhiwa mwaka 1873 ilikuwa taabani. Ilianzishwa mwaka 1869, ikiwa ya kwanza ya aina yake duniani, lakini viongozi wake wa mwanzo, Henry Oliver na George McNeill, walituhumiwa na wenye viwanda kuwa wanaandika hoja za vyama vya wafanyakazi kwa kisingizio cha takwimu. Wapo wabunge waliotaka ifutwe. Gavana William Washburn aliona ni heri aiweke mikononi mwa mtu asiye na upande, na chaguo lake likawa mwanasheria huyo wa hataza. Wafanyakazi hawakufurahi, na walikuwa na sababu: kiti kilichokuwa chao kilipewa mgeni.

Katika mazingira hayo, idadi ya wasio na kazi haikuwa jambo la kitaaluma tu. Ikiwa watu 300,000 walikuwa mitaani, serikali ilipaswa kuwajibika. Ikiwa walikuwa wachache, wanasiasa waliokuwa wakipaza sauti walikuwa wakiwatisha wananchi bure. Wright mwenyewe aliamini kuwa idadi hizo zilikuwa zimetiwa chumvi, na hakuificha imani hiyo.

Njia aliyoitumia Juni 1878 ilikuwa ya gharama ndogo. Hakutuma makarani nyumba kwa nyumba. Aliwaandikia wakadiriaji wa kodi na polisi wa miji na vijiji vyote vya jimbo, akawataka kila mmoja aeleze ni watu wangapi katika eneo lake walikuwa hawana kazi. Mkadiriaji wa kodi wa kijiji aliwafahamu watu wake kwa majina, na huenda aliweza kuhesabu kwa vidole. Katika mji kama Boston, wenye wapangaji waliohama kila mwezi, jibu lilikuwa makisio.

Jambo kubwa zaidi lilikuwa katika maelekezo yenyewe. Wright alitaka wahesabiwe wanaume wenye nguvu, wenye umri wa zaidi ya miaka 18, ambao kweli walikuwa wakitaka kazi. Kwa maneno hayo machache aliwaweka kando vijana wadogo waliokuwa wakitumikia mashine za nguo, na mtu yeyote ambaye mkadiriaji au polisi aliamua kwa macho yake kuwa hakuwa na nia. Wanawake, waliojaa katika viwanda vya Lowell na Fall River, hawakuwa kiini cha maelekezo hayo. Aliyekata tamaa ya kutafuta alihesabiwa sawa na mvivu.

Utata huo haujaisha. Vigezo vya kimataifa vilivyopitishwa mjini Geneva mwaka 1982 chini ya Shirika la Kazi Duniani vinamtambua asiye na ajira kwa mambo matatu: hana kazi, yuko tayari kufanya kazi, na anaitafuta. Tanzania imekuwa ikitoa viwango viwili, kimoja cha kimataifa na kingine cha kitaifa kinachowajumuisha pia walio tayari kufanya kazi ingawa hawaitafuti, na tofauti kati ya viwango hivyo si ndogo.

Majibu yalipojumlishwa, Wright alitangaza idadi ya watu 28,508. Novemba mwaka huohuo alirudia zoezi, na idadi ikashuka hadi chini kidogo ya 23,000. Wenye viwanda walipumua. Waliokuwa wakidai laki tatu walionekana wazushi, na kwa wafanyakazi waliokuwa wamepoteza ajira tangu mwaka 1873, takwimu hiyo ilikuwa kofi la pili.

Kama maisha yake yangeishia hapo, Wright angekumbukwa kama ofisa aliyetumia hesabu kuwanyamazisha wenye njaa. Lakini hakuishia hapo, na hili ndilo linalomtofautisha na maofisa wengi wa takwimu wa zama zake: alirudi kwenye swali lilelile akiwa na njia bora zaidi, akachapisha jibu lililoipa hesabu yake ya mwanzo sura nyingine kabisa.

Nafasi hiyo ilikuja na sensa ya jimbo ya mwaka 1885, ambayo aliisimamia. Safari hii makarani walikwenda kwa wananchi wenyewe. Kila mtu mwenye kazi ya kujipatia kipato, mwanamume au mwanamke, aliulizwa ni miezi mingapi katika mwaka ulioishia Mei 1, 1885 alikaa bila kazi katika shughuli yake kuu. Swali lililenga mwaka mzima badala ya siku moja. Tena halikumtaka polisi aamue nani anastahili kuhesabiwa.

Matokeo yalichapishwa mwaka 1887. Kati ya watu 816,470 waliokuwa na shughuli za kipato, 241,589 walikaa bila kazi kwa sehemu fulani ya mwaka, wanaume wakiwa 178,628 na wanawake 62,961. Hiyo ni karibu asilimia 30. Kwa wastani kila mmoja wao alipoteza miezi 4.11. Wright alipiga hesabu nyingine: miezi yote iliyopotea ikikusanywa, inalingana na watu 82,744 kukosa kazi mwaka mzima, yaani mtu mmoja kati ya kila kumi.

Ni rahisi kusema kuwa 241,589 inaifuta 28,508, lakini zilikuwa zikijibu maswali mawili tofauti. Moja iliuliza nani yuko nje leo, nyingine iliuliza nani alitolewa nje wakati wowote ndani ya miezi 12. Kilichofichuka ni kwamba ukosefu wa kazi haukuwa balaa la kundi dogo la watu wasiobahatika, bali uliwapitia kwa zamu karibu theluthi ya wafanyakazi wa jimbo zima. Mvivu wa mwaka 1878 hakuweza tena kuwa maelezo ya kutosha.

Thamani kubwa ya ripoti hiyo ilikuwa katika majedwali yake, ambayo wasomaji wengi wa magazeti hawakuyafikia. Wright hakutoa wastani wa jimbo peke yake. Alipanga takwimu kwa mji na kwa kazi, hivyo mtu angeweza kuutazama mji wa viatu kama Brockton, Lynn au Haverhill bila kuuchanganya na Boston. Katika miji ya viatu oda zilikuja kwa misimu, na kati ya msimu mmoja na mwingine karakana zilifungwa, mafundi wakaambiwa wasubiri. Fundi wa Haverhill aliyeonekana ana kazi Aprili angeweza kuwa kijiweni Juni. Kiwango cha jimbo kilimmeza fundi huyo; jedwali la mji wake lilimwonyesha.

Ripoti hiyo pia inatajwa kuwa miongoni mwa maandiko ya kwanza ya Marekani kulitumia neno ukosefu wa ajira kama jina la tatizo lenyewe. Kabla ya hapo walizungumziwa watu wasio na kazi.

Wakati inachapishwa, Wright alikuwa tayari na kofia ya pili. Januari 1885 Rais Chester Arthur alimteua kuwa Kamishna wa kwanza wa Kazi wa Marekani, na kwa miaka mitatu akashika vyeo viwili kwa pamoja. Ripoti yake ya kwanza ya kitaifa, ya mwaka 1886, ilihusu midororo ya uchumi, na ndani yake alikadiria kuwa watu 998,839 nchini kote hawakuwa na kazi, sawa na asilimia 7.5.

Kwa bahati mbaya, idadi hiyo inayoonekana kuwa sahihi hadi mtu wa mwisho ilikuwa imejengwa juu ya mchanga. Wright alikadiria kwanza kuwa asilimia 7.5 ya viwanda na migodi ilisimama, kisha akaitwisha asilimia hiyohiyo wakulima, wachukuzi na wafanyabiashara wa nchi nzima. Mtu aliyekuwa amepima Massachusetts mji kwa mji aliipima Marekani kwa kipimo kimoja, kwa sababu ofisi yake mpya ilikuwa na watu na fedha kidogo. Swali la miezi bila kazi liliulizwa katika sensa ya taifa ya mwaka 1880, lakini majibu hayakujumlishwa. Lilirudiwa mwaka 1890, na Wright, aliyekabidhiwa sensa hiyo mwaka 1893 ikiwa imekwama, aliwezesha matokeo yake kutoka kwa majimbo na kazi.

Mwaka 1894 aliongoza tume iliyochunguza mgomo wa Pullman. Wengi walitarajia awakemee wagomaji, lakini tume yake iliilaumu vikali kampuni. Mwaka 1902 Rais Theodore Roosevelt alimtumia katika mgogoro wa wachimba makaa ya mawe wa Pennsylvania. Aliondoka serikalini mwaka 1905, akabaki mkuu wa Chuo cha Clark mjini Worcester hadi alipofariki dunia hapo Februari 20, 1909, akiwa na umri wa miaka 68.

Ilichukua muda mrefu kwa taifa kuzifikia hatua zake. Utafiti wa kila mwezi unaowauliza watu majumbani mwao ulianza mwaka 1940, na utaratibu mmoja wa kukadiria viwango vya majimbo na miji ulitolewa mwaka 1960, ukitumia pia kumbukumbu za waliodai mafao ya bima. Leo Ofisi ya Takwimu za Kazi ya Marekani, iliyotokana na ile aliyoifungua Wright, inatoa viwango vya kila mwezi vya maeneo zaidi ya 7,000. Brockton, Lynn na Haverhill kila mmoja una namba yake, ingawa viwanda vyake vya viatu vilikwisha kufungwa.